Barua Yangu Iko Kwenye Mzunguko

Taarifa ya msiba ilinikuta mezani, naandika barua ya kukataa kazi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanisamehe nikianza na barua kabla ya marehemu, kwa sababu kwangu mimi vitu hivyo viwili haviachani. Simu ililia kwenye kundi letu la waliowahi kuwa watumishi wa ofisi moja hapa Songea, na mtu akaandika kwa kifupi kwamba mzee wetu wa masijala ametutoka asubuhi, mazishi ni Matogoro keshokutwa. Nikaweka kalamu chini, nikacheka. Naam, nilicheka peke yangu, machozi yakaja baadaye, maana nilijisikia kama mwizi aliyefumwa na mkono ndani ya chungu. Kama kuna mtu ambaye sikutaka anikute na barua ya namna ile, ni yeye.

Kwa ambao hawajaonja kazi ya ofisi ya umma, masijala ni chumba cha mafaili. Kila barua inayoingia inapita humo, inapigwa mhuri, inawekwa kwenye faili lake na kupelekwa kwa mkubwa anayehusika. Masijala yetu ilikuwa mwisho wa korido, ina dirisha dogo la kupokelea barua, na nyuma ya dirisha hilo alikaa yeye: sweta la kijivu Januari mpaka Desemba, miwani imeshuka puani, kikombe cha chai ya rangi pembeni na kipande cha muhogo wa kuchemsha juu ya sosa. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Ukimuuliza faili lako limefika wapi, atakutazama kama umemuuliza umri wa mkewe, halafu atakujibu, "Liko kwenye mzunguko." Tulimsema sana kwa neno hilo. Tulidhani ni uvivu wa ukarani tu, na mimi nilikuwa wa kwanza kudhani hivyo.

Miaka hiyo nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, msichana wa miaka ishirini na sita, hodari wa kuandika taarifa na mwoga wa kupindukia wa kusimama mbele za watu. Siku moja bosi akaniita, akaniambia nimepangiwa Nalasi, huko Tunduru, kusimamia uundaji wa kamati mpya ya maji baada ya ile ya zamani kuvunjika. Pampu ilikuwa imekufa, wananchi wamekasirika, na maofisa wawili walionitangulia walizomewa mkutanoni mpaka wakapanda gari bila kuaga. Weee! Toka siku hiyo chakula kilinikataa. Nikikaa tu najiona nimesimama uwanjani, kijiji kizima kinanitazama, na mimi sina hata salamu kinywani. Na msidhani lilikuwa jambo dogo. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Kukataa kazi niliyopangiwa kungeweza kunikosesha ajira, na mama yangu nyumbani alikuwa ananitegemea mimi. Hata hivyo niliona afadhali nifukuzwe kuliko nizomewe. Nikaandika barua ya kuomba niondolewe jukumu lile kwa sababu zisizozuilika, nikaipeleka dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akaifungua, akaisoma yote mbele yangu bila haya. "Hizi sababu zisizozuilika ni zipi?"

"Ni zangu, baba."

"Haya. Wino wa mhuri umekauka. Ukija mwingine nitaipeleka." Akaitupia kwenye droo.

Kesho yake nikarudi: iko kwenye mzunguko. Keshokutwa: mzunguko. Siku ya nne nilikuwa karibu kulia, naye akavua miwani. "Sasa sikiliza, wewe. Majibu yatachelewa. Kwa sasa bado ni mtumishi uliyepangiwa Nalasi, na wale watu hujawahi hata kuwasalimia. Huo si uungwana. Nenda kawasalimie, urudi."

"Nikifika nitasema nini kuhusu maji?"

"Nani kakwambia ukaseme kuhusu maji? Nenda kasalimie tu. Kusalimia si kazi."

Basi nikaenda. Barabara ya Tunduru wakati huo haikuwa hii ya lami tunayoringia leo. Nilifika nywele nyekundu kwa vumbi. Nikamwamkia mwenyekiti wa kijiji, nikawasalimia wanawake waliokuwa wanabangua korosho barazani, nikakaa nao mkekani nikabangua na mimi, vibaya, maganda yakaniunguza vidole, wakanicheka mpaka wakachoka. Mama mmoja wa makamo ndiye aliyelianzisha. "Binti, wewe ndiye uliyeletwa kwa habari ya maji?" Nikasema kweli kwa kuwa sikuwa nimeandaa uongo: "Ndiyo, mama, ila leo nimekuja kusalimia tu. Ya maji bado siyajui." Wakatazamana. "Alhamdulillahi," akasema, "angalau huyu anasema hajui. Wenzio walikuja wanajua kila kitu." Halafu wakaanza kunieleza wao: pampu ilikufa lini, kamati iligombana kwa lipi, na kwa nini wanawake, ambao ndio wachotaji, hawakuwahi kuulizwa bomba liwekwe wapi. Niliandika kurasa nne. Nikiwa kwenye basi la kurudi ndipo niliposhtuka kwamba mkutano niliouogopa nilikuwa nimeshaufanya nusu, tena nimekaa chini.

Mzee alizisoma kurasa zile kwa makini kuliko alivyoisoma barua yangu. "Haya maswali umewaahidi majibu?" Nimewaahidi. "Lini?" Wiki ijayo. "Mh. Basi nenda. Barua ikijibiwa nitakutunzia." Nikaenda tena, na tena. Safari ya tatu nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji, naogopa kweli, sitaki kuwadanganya, lakini yule mama alikaa mstari wa mbele, na nilipokwama alinipungia mkono kama anayemwita mtoto aje ale. Kamati ikachaguliwa. Sikuzomewa. Mwezi ukapita nimesahau kabisa kama kuna barua, mpaka siku moja mzee akagonga kioo cha dirisha kwa kalamu nikipita. "Mwanangu, nimefanya kosa kubwa. Barua yako niliisahau kwenye droo. Niipeleke leo?" Uso mkavu kabisa! Niliinyakua nikaichana pale pale, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka, mabega yanatikisika ndani ya sweta.

Baadaye niligundua kwamba sikuwa peke yangu. Kuna dereva wetu mmoja aliyepangiwa kumwendesha mkubwa mpya, mtu aliyesifika kwa ukali, naye akakimbilia dirishani na karatasi yake. Mzee akamwambia barua hiyo haipokelewi bila saini ya mke. Kanuni hiyo haimo kwenye kitabu chochote, lakini dereva aliamini, akaipeleka nyumbani, na mkewe akamwambia akitaka saini akaitafute kwa mke mwingine. Alimwendesha yule mkubwa miaka sita, mwishowe wakaoleana, wakawa mashemeji. Wala msifikiri mzee alikuwa anachelewesha kila mtu. Dada mmoja aliomba asihamishwe kwa sababu mtoto wake alikuwa anaumwa sana. Barua hiyo mzee aliibeba mwenyewe, mbio, akaacha chai inapoa, na kabla ya saa nne imeshajibiwa. Alijua kutofautisha mtu aliyezuiliwa na mtu aliyeogopa. Kama alikuwa na haki ya kufanya hivyo ni jambo jingine, na nikiulizwa kwa mujibu wa taratibu nitasema hakuwa nayo. Nikiulizwa kwa moyo wangu, nitanyamaza.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi barua haina droo ya kulalia. Mtu anapangiwa kazi mpya saa tatu, hofu inampanda saa tatu na nusu, saa nne kashaandika kwenye simu "samahani, sitaweza", na saa nne na dakika moja bosi kashasoma, kashajibu "sawa", kashampa mwingine. Mambo yameenda haraka mno kuliko moyo wa binadamu. Nasikia vijana wanaambiwa wajiamini, wajiamini, na mimi nawahurumia, maana kujiamini huko hakupatikani dukani. Mimi sikujiamini hata kidogo nilipopanda basi la Tunduru. Nilichokuwa nacho ni salamu, na karani aliyeninunulia wiki chache za kuogopa huku natembea. Woga wangu haukuondoka. Ulichoka tu kwa kuzoea.

Mazishini Matogoro jumuiya yake ya kanisani iliimba vizuri, na baridi ya kule haikumhurumia mtu. Baada ya kuzika nilimwendea mjane, nikampigia magoti nikampa pole, na kwa kuwa alikuwa mchangamfu hata katika huzuni, nikamsimulia kisa cha barua yangu. Alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Walikuja wengi kunieleza hayo," akasema. "Lakini ya kwake hukuambiwa?" Sikuambiwa. Kumbe mzee akiwa kijana aliteuliwa kwenda Mbinga kufungua masijala mpya na kuwa mkuu wake. Akaingiwa na hofu, akaandika barua asubuhi kuomba asamehewe. Karani wa zamu alikuwa mchapakazi. Ikapigwa mhuri, ikapelekwa, na mchana mzee akawa na jibu mkononi kwamba ombi lake limekubaliwa. "Alirudi akakaa hapo mlangoni," mjane akasema, "hata viatu hakuvua. Akaniambia, 'Mke wangu, wamenikubalia haraka mno.'" Alisubiri wamuulize tena. Alistaafu akiwa bado anasubiri, kwenye dirisha lile lile.

Niliondoka pale nafuta machozi, na sijui kama yalikuwa ni kwa ajili yake au kwa ajili ya karatasi niliyoiacha mezani. Maana niwaambie sasa kazi ninayoiogopa: nimeombwa nikaanzishe redio ndogo ya jamii kule Tunduru, niiongoze, mimi ambaye mbele ya kipaza sauti bado naishiwa mate. Barua ya kukataa nimeimaliza, nimeisaini, na nimeitia kwenye droo ya kabati chini ya vitenge. Jana walipiga simu kuuliza jibu langu. Nikawaambia liko kwenye mzunguko. Ijumaa napanda basi la Tunduru. Naenda kuwasalimia tu.