Kilemba cha Kaktasi ya Muaither

Siku hizi nikiona kaktasi, hata ile ndogo ya mapambo pale mapokezi ya hoteli ninakofanya kazi, lazima nisimame. Wenzangu hunicheka. "Wewe na miiba yako!" Wacha wacheke. Mimi huikumbuka ile ya Muaither, mtaa wa ughaibuni nilikofanya kazi za ndani, na mwenyewe, yule mama mzee niliyekuwa nikimtunza, na moyo hunijaa. Sisi wafanyakazi wa nyumba tulimwita mama kabira, yaani mama mkubwa.

Kaktasi yake ilikuwa imeupita ukuta wa ua kwa urefu. Mikono yote ilisimama wima, isipokuwa mmoja wa chini. Huo ulipanuka badala ya kurefuka, ukajikunja mikunjo mikunjo kama upanga wa jogoo. Siku ya kwanza kuuona niliruka. "Ala! Hii nayo imelogwa na nani?" Kwetu Ukambani boma letu lilizungushiwa miiba ya aina hiyo hiyo, na sikuwahi kuona kituko kama kile.

Mama kabira alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia marehemu mumewe ndiye aliyeipanda, na mkono ule ulianza kujikunja mwaka aliofariki. Vile alivyokuwa akikipanga kilemba chake mbele ya kioo, kimetiwa wanga na kupigwa pasi, ndivyo na wenyewe ulivyojipanga. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo kila asubuhi nilimwongoza akaipapasa mikunjo, taratibu, akiikwepa miiba. "Salaam alaykum," aliuambia. Hapo ndipo tulipokunywa chai.

Kisha mwanawe akajenga nyumba nyingine, na ile ya Muaither ikawa ya kubomolewa. Sina ubaya naye, alikuwa mtu mpole. Alimwahidi mama yake kaktasi mpya, nzuri zaidi. Mama kabira akagoma kula. "Sihami nikamwacha mtu wangu kwenye vifusi," alisema, na kweli akawa anakonda mbele ya macho yangu.

Nikachukua kisu cha mkate, nikaukata ule mkono ili tuhame nao. Nikaulaza juu ya gazeti chini ya kitanda changu, kivulini. Basi ikawa vita na mama kabira!

"Mpande! Mpe maji!"

"La, mama, jeraha likauke kwanza. Ukipanda mbichi, unaoza." Ndivyo mama yangu alivyofanya kila alipoziba pengo kwenye ua wetu.

"Unamuua mara ya pili, binti."

Maneno yale yalinichoma. Lakini mimi nikishika neno nimeshika, sikulegea.

Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada hata kwetu Wakristo, kanisani Mesaimeer, wakauliza nani ana hitaji la maombi. Nikasema nina mgonjwa nyumbani. Jamani, walimwombea! Mikono juu, machozi, dada mmoja hata akafunga kula kwa ajili yake. Wakaniuliza anaumwa nini. Nikasema ni kidonda, hakijakauka. Ningewaambiaje kwamba ni kaktasi?

Tulipohamia nyumba mpya nikaupanda kwenye chungu cha mchanga. Mizizi ikashika, nikapiga vigelegele peke yangu. Furaha ya mapema hiyo. Kilemba kikaanza kusinyaa, kikawa gamba la kahawia, nikalibandua. Ubavuni kikachomoza kidole cha kijani, kikapanda juu, kimenyooka tu, cha kawaida kama kaktasi nyingine zote. Nikangoja kijikunje. Wapi!

Kila asubuhi mama kabira aliniuliza, "Tayari nimguse?" Nami nilijibu bado, mama, bado ni mchanga. Nilikuwa naogopa, haki ya nani. Nilijua akikikosa kilemba kile atakuwa amefiwa upya, na safari hii kwa mkono wangu.

Asubuhi moja akachoka kungoja. Nilikuwa jikoni nachemsha maziwa, nikamsikia anajikokota kwenye baraza akipapasa ukuta. Nilipomfikia, vidole vyake vilikuwa tayari chunguni. Vikaanzia chini, vikapanda polepole hadi nchani. Havikukuta mkunjo hata mmoja.

"Nisamehe, mama," nikasema.

Vidole vikashuka, vikapanda tena.

"Siku ya harusi yetu alikuwa hivi," akasema. "Mwembamba. Wima. Kilemba kilikuja baadaye."

Akamsalimia, kisha akaniuliza mbona chai imechelewa.