Muhuri Juu ya Kosa la Wifi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha giza cha studio yetu bila kupiga picha hata moja. Kaka yake alipiga, yeye akasafisha. Kucha zake ziligeuka rangi kwa dawa, na kwa kunusa tu mlangoni alijua kama dawa imechoka. Kila picha iligongwa mgongoni muhuri wa jina la familia, na mtaa mzima ulijua kwamba penye muhuri ule hapana ubabaishaji.

Mume wangu alipofariki, studio ilifungwa na muhuri nikauhifadhi kabatini mwangu. Sikutaka jina letu lizagae.

Ndipo Wifi, akiwa na miaka sitini na miwili, akanunua kamera ya plastiki kwenye meza ya vitu vya watoto. Ni nyepesi kama kisanduku cha sabuni. Hata lenzi yake ni plastiki. Ina alama mbili tu, jua na wingu. Ukiwa ndani ya nyumba, shauri yako. Mgongo wake haufungi sawasawa, kwa hiyo huubandika utepe mweusi, na bado mwanga hupenya ukaunguza pembe za picha. Kila ukipiga lazima uzungushe mkanda kwa mkono mpaka namba itokee kwenye kidirisha chekundu. Ukisahau, kamera haina habari.

"Wifi, hilo si dude la kuchezea?" nilimwuliza.

"Miaka yote nimesafisha picha za wenzangu. Niache na mimi nichafue zangu."

Nakiri picha zake zilikuwa na mvuto: katikati sura laini, kandokando giza, kama unachungulia kwenye tundu la mlango. Lakini muhuri sikuutoa, naye hakuuomba.

Mwezi uliopita mkunga wa hospitali ya jirani alistaafu, akamwomba Wifi picha ya kutundikwa wodini. Wifi akampiga picha getini, amevaa sweta lake jeusi. Kisha akawapiga kina mama waliokaa kwenye benchi na vichanga vyao. Katikati hapo akasahau kuzungusha mkanda.

Picha ilipotoka, kina mama watano walikuwa wameketi ndani ya sweta la mkunga, benchi limemkata tumboni. Na mkunga mwenyewe alikuwa sebuleni kwetu, anasubiri.

"Mwambie ulikusudia," nikamnong'oneza Wifi. "Siku hizi wanaiita sanaa."

Akanipita.

"Mkunga, nimekosea. Nilisahau kuzungusha mkanda, picha ya kina mama ikalalia yako. Nitarudia kesho."

Nilitamani ardhi inimeze. Mkunga akavaa miwani, akaisogeza picha karibu na dirisha.

"Huyu anayelia kifuani mwangu ni nani?"

"Mtoto wa yule mama wa kitanda cha mwisho."

"Pacha wake ndiye huyu hapa mfukoni. Usirudie chochote." Akaigeuza. "Mbona haina muhuri? Watu watajuaje imetoka kwenu?"

"Muhuri ni wa Wifi," dada mtu akajibu, akinionyesha mimi. "Hautoki ovyo."

Alisema bila kejeli, na hapo nikaona haya. Jina lile mimi nililipata kwa kuolewa. Yeye alizaliwa nalo. Tena mume wangu, Mungu amrehemu, picha iliyoharibika aliichana kabla mteja hajaiona. Dada yake aliiweka mezani, akasema, "Nimekosea." Miaka yote nilidhani mlinzi wa jina ni mimi.

Nikaleta muhuri, nikaulowesha wino, nikagonga kwa nguvu.

Wifi akainama kutazama. "Wifi, umeugonga kichwa chini miguu juu."

"Uacheni hivyo hivyo," mkunga akasema, akifungua mkoba. "Sasa mmekosea wote wawili, na mimi nina haraka."

Picha iko wodini. Anayetaka kujua ni ya nani aigeuze, kisha ageuze na kichwa chake.