Herufi Tatu za Gidion

Nikolausi Sulle alikuwa na daftari la kila kitu. Kwenye kibanda chake cha kurushia watu nyimbo kwenye simu, hapo Haydom karibu na stendi wanaposhukia wagonjwa, wateja walimtania kwamba hata nzi akiingia ataandikishwa. Yeye alitabasamu tu. Kwa miaka tisa hakuwahi kumwambia mtu, "Sijui nimeiweka wapi."

Alhamisi hiyo, saa sita mchana, maneno hayo yalikuwa yamefika kwenye ulimi wake.

Mbele yake alisimama Fausta, mama wa watoto wanne kutoka Nangwa. Mume wake, Gidion, alikuwa amelazwa hospitalini, na siku tatu zilizopita alipasuliwa koo. Alikuwa hai, ila hangeweza kusema tena maisha yake yote. Akilijua hilo, kabla ya kuja alikwenda kwa Herman, mwenye kibanda kama hiki kule Nangwa, akarekodi maneno ya kuwaachia watoto, kila mmoja kwa jina lake. Dakika kumi na moja. Baadaye simu ya Fausta yenye rekodi hiyo ikatumbukia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, na kompyuta ya Herman ikaungua umeme uliporudi kwa nguvu.

"Herman amesema niende kwako," Fausta alikuwa ameeleza. "Amesema alikurushia, na wewe hupotezi kitu. Basi letu ni saa nane, baba."

Kompyuta za vibanda vitatu, cha Nangwa, cha Haydom na cha Balangdalalu, ziliunganishwa na programu ya kugawana mafaili. Mmoja akiweka wimbo, wenzake wanaupakua. Nikolausi ndiye aliyeichokonoa programu ile mpaka ikajua kupanga yenyewe. Faili likimaliza kushuka, inasoma mwanzo wa jina na kulipeleka kwenye folda yake: kwaya huku, mahubiri kule, ngoma za Kiiraqw mahali pake.

Alitafuta kwa jina. Hakuna. Akaingia folda moja baada ya nyingine, akifungua hata mahubiri, kama mtu anayepekua mifuko ya koti ambalo hajalivaa. Hakuna. Akafungua daftari, na pale, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Kutoka kwa Herman. Gidion. Dk 11 sek 20. Imefika.*

"Umeona?" Fausta aliuliza.

"Bado, mama Ezekiel."

Ndipo alipofungua orodha ya masharti aliyoipa programu, na macho yake yakagota kwenye mstari wa tatu. Majina ya waimbaji wanaume wa Kibarbaig karibu yote huanza na Gida, au Gidu, au Gide, kutegemea nani ameandika. Kwa hiyo yeye, kwa akili zake, alikuwa ameandika herufi tatu tu: *Gid*. Kila chenye Gid kiende folda ya Barbaig. Na folda hiyo huifuta kila mwezi kabla ya mnada, ili kupata nafasi ya nyimbo mpya. Jumamosi alikuwa amefuta mafaili mia mbili na kumi kwa mkupuo, bila kusoma hata moja, maana alijua kilichomo.

Aliinua uso. "Mama, nimeifuta mimi."

"Umeifuta? Si umeambiwa hupotezi?"

"Sikuipoteza. Niliipanga."

Fausta alisogea karibu na kompyuta. "Mwiraqw mzima, mzee wa kanisa, ukampanga na Wabarbaig?"

"Kompyuta haijui kabila. Inasoma herufi tatu."

"Na wewe je? Wewe unasoma ngapi?"

Nikolausi alichukua simu. Alimpigia Gidamis, mwenye kibanda cha Balangdalalu. Folda ya Barbaig huenda kwake moja kwa moja, hivyo akamuuliza kama faili la Gidion lilimfikia.

"Huyo anayeongea Kiiraqw bila ngoma?" Gidamis alicheka. "Wazee hapa wananiuliza, huyu anaaga nani? Nimemwacha nikidhani ataimba mbele."

"Ipo yote?"

"Hapana, kaka. Mtandao ulikatika. Uliporudi, kwako haikuwepo tena. Imebaki nusu na kidogo."

"Rusha hiyohiyo. Usiguse kingine, tafadhali."

Kabla haijaanza kushuka, Nikolausi alizima masharti yote. Kisha akakaa akiutazama mstari wa kijani ukitambaa, ukisimama, ukitambaa. Saa saba na nusu ukafika mwisho.

Fausta aliweka vidole vinne juu ya meza. Sauti ya Gidion ikatoka, imekauka lakini ni yake. Alimwambia Ezekiel asiwapige ng'ombe wanapopanda mlima. Kidole kimoja kikakunjwa. Alimwambia Loveness asiache shule hata mama akilia. Cha pili. Alimwomba Irene msamaha kwa jambo la mbuzi, wanalijua wao wawili. Cha tatu.

"Sasa wewe, kitinda mimba wangu," Gidion akasema, akakohoa, "wewe ambaye..."

Kimya.

"Endelea," Fausta alisema. Kidole cha nne kilikuwa bado kimesimama.

"Imeishia hapo."

"Rudisha kidogo."

Alirudisha. Alirudisha tena. Kila mara kikohozi kilekile, kimya kilekile. Kule stendi, basi lilipiga honi.

"Hata jina lake hajalitaja," Fausta alisema polepole. "Ana miaka mitatu. Ataniuliza."

Nikolausi alinyoosha mkono kulichukua daftari, akaliacha. Alitia rekodi kwenye memori kadi, kisha akabaki ameshika kipanya.

"Iandike jina," Fausta alisema. "Ila usiandike Gidion."

"Niandike nini, mama?"

Fausta akakunja kidole cha nne. "Andika Baba Brightness."

Akaandika, herufi moja moja, akiisoma kila moja kwa midomo.