Kitambaa cha Asali

Kina mama wenzangu, na nyie baba wawili mliojificha kule nyuma, mniwie radhi kwanza. Mtaniona navuta maneno. Taya langu halifunguki kama zamani. Vumilieni nifike mwisho.

Mimi ni Editha, wa kijiji cha Murungu, huko Kibondo. Kwetu ni watu wa nyuki. Baba alikuwa na mizinga msituni, na asali haikukosekana ndani. Mtoto akilia wakati mama analima, tulichovya kitambaa kwenye asali, tukakipiga fundo, akanyonya mpaka akalala. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea binti yangu Leti. Meno ya utoto nani aliyapiga mswaki? Si yatang'oka tu? Na asali kwetu ni dawa. Ukisema inaozesha meno watakucheka mpaka soko lifungwe.

Jino langu la nyuma, chini kulia, lilitoboka nikiwa bado shule ya msingi. Likauma, likaacha, likauma tena. Nikazoea kutafunia upande mmoja. Leti alipokaribia miaka mitatu, likanirudia vibaya. Mama yangu, tunayeishi naye, akalainisha nta ya nyuki kwenye moto, akaziba lile tundu. "Upepo hautaingia tena," akasema. Kweli, maumivu yakatulia. Nikaenda kuvuna maharage naimba.

Kumbe usaha ulikuwa ndani, na sasa haukuwa na pa kutokea.

Uvimbe ulianzia chini ya taya, mgumu kama ubao. Ukahamia upande wa pili, ukashuka shingoni. Ulimi ukanyanyuka, nikashindwa kuurudisha chini. Mate yalitiririka kifuani, yananuka, na mimi mwenyewe nilijichukia kwa harufu ile. Nikilala chali, pumzi inakatika. Nikawa nakaa nimeinama mbele, nakoroma huku niko macho. Leti akaja mbio anirukie kama kawaida yake. Akauona uso wangu, akarudi nyuma akipiga yowe. Yowe lile bado nalisikia, hata nikiwa jikoni peke yangu.

Baba Leti akanipakia kwenye bodaboda hadi Kibondo mjini, amenikumbatia kwa nyuma nisianguke. Pale wakanitundikia dripu, wakanipandisha gari la wagonjwa kwenda Kasulu. Daktari aliyetupokea alikuwa mama mmoja wa Tanga, mwenye maneno laini. Akamwambia mume wangu, "Baba, hapa si jino tu tena. Uvimbe unaziba njia ya hewa. Tukichelewa tutampoteza. Niruhusu nimtoboe koo."

"Toboa, mama," Baba Leti akajibu. "Toboa tu."

Nilizinduka nina mpira wa kupumulia kooni, na mipira mingine chini ya kidevu inatoa usaha. Jino walikuwa wameling'oa. Sauti hakuna. Hewa ilipita kwenye tundu la shingo, haikufika mdomoni.

Daktari akanieleza, "Dada, jino lile ulilipata ukiwa na miaka kama sita. Linaota nyuma ya meno ya utoto, hakuna linalong'oka kulipisha, basi watu hudhani nalo ni la utoto. Hilo ni la kudumu. Lilikuta kinywa kimeshaharibika. Sukari ikilala kwenye meno inayaozesha, iwe ya dukani, iwe ya nyuki."

Siku hiyohiyo mama akaja kuniona. Akanishika mkono. "Ihangane, mwana wanje," akasema, yaani pole, vumilia mwanangu. "Leti usimwazie. Halii hata kidogo. Tunampa kitambaa chake mchana na usiku, asali tele."

Alitaka kunifurahisha. Nikataka kupiga kelele, yakatoka makohozi kwenye tundu la shingo. Mama akanifuta kwa khanga yake, akadhani nakata roho, akaanza kusali. Nikaonyesha meno, nikatikisa kichwa. "Yanauma?" akaniuliza. Kumwandikia haikusaidia, hajui kusoma, na Baba Leti alikuwa amerudi shamba. Mama akaondoka hajanielewa. Nimepitia kisu na sindano, lakini hakuna kilichoniumiza kama kumtazama akitoka mlangoni na mimi siwezi kumwita.

Walipotoa ule mpira na sauti ikarudi, neno langu la kwanza lilikuwa "kitambaa". Nesi akaniletea kitambaa.

Nilipofika nyumbani nilimwinua Leti mdomo wa juu kabla hata ya kukaa. Kwenye fizi meno yalikuwa na mistari myeupe kama chaki. Mawili ya mbele yalishakuwa ya kahawia. Mama akanikemea, "Nilikulea hivyohivyo, na uko hai!"

Nikanyanyua kidevu, aone makovu. "Hivyohivyo, mama."

Akakaa chini, akalia. Nilimhurumia, maana hakukosea kwa ubaya.

Kitambaa tulikichoma. Leti alilia, mama akambeba mgongoni, akamwimbia badala ya asali. Yale mawili ya mbele hayakuokoka. Mengine yalipakwa dawa, yakapona.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, na yule mama wa Tanga, na mume asiyesita. Nanyi nawaomba: jino la kwanza likichomoza, anza kulipiga mswaki. Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala. Ukishampiga mswaki wa usiku, ni maji tu. Mlaze kichwa mapajani, umpige wewe mwenyewe, usimwachie hadi afike miaka saba au minane. Atafurukuta. Mwache afurukute, wewe endelea. Na tundu la jino usilizibe kwa nta wala kwa kitu chochote, nenda hospitali.

Leti sasa ana miaka sita. Juzi mama, ambaye siku hizi mswaki wa Leti ni kazi yake, akaniita, "Editha, njoo na tochi." Nikamulika. Nyuma kabisa, chini kulia, limechomoza jino jipya, jeupe, na hakuna lililong'oka kulipisha. Mama akaligusa kwa kidole, nikasogeza tochi karibu zaidi.

Leti akatoa kidole cha bibi yake mdomoni, akanitazama. "Mama, mbona unalia? Haliumi."