Maziwa ya Chuchu Tatu

Asubuhi ile bado ninaiogopa, mwanangu, ingawa mtoto aliyenitia hofu siku hiyo sasa ni mama wa watu. Nakumbuka kikombe cheupe cha bati, uji ukitoa mvuke, na mimi nikijiona mtu mwenye akili sana.

Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki. Niliacha shule darasa la saba nikabaki na mdogo wangu Adhiambo, wa miaka minne, katika boma letu upande wa Awasi, kule kwenye udongo mweusi unaoshika mguu mvua ikinyesha. Mama alituachia ng'ombe mmoja, tukimwita Silwal kwa sababu ya rangi yake ya hudhurungi. Maziwa kidogo yalibaki nyumbani kwa ajili ya Adhiambo, mengine niliwapelekea wanawake wanaopika chai sokoni. Silwal ndiye aliyetulisha. Alipokohoa tu, nilishtuka.

Jambo jingine nililoliogopa lilikuwa penisilini. Adhiambo alipokuwa na miaka miwili alidungwa dawa hiyo akavimba uso mpaka macho yakafunga. Muuguzi akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yake kwamba asipewe tena, maana mara ya pili huenda asipone. Kadi hiyo niliifunga kwenye karatasi ya nailoni nikaiweka chini ya godoro. Tulipokwenda zahanati niliitoa kabla hata hatujasalimiwa. Wauguzi walinicheka: "Mama Kadi amefika!" Niliwaacha wacheke.

Kisha mvua ndefu zikaja, banda likawa tope tupu. Silwal alilala humo humo. Nami nilimkamua harakaharaka, mikono nimeisuuza tu, mara nyingine nimetoka kuchambua omena, wale dagaa wa ziwani. Akisogea nampiga kofi. Nikichoka namwacha kabla kiwele hakijaisha. Maziwa yakapungua, nikalaumu majani. Siku moja chuchu ya nyuma ikavimba, ikawa ya moto, na maziwa yake yakatoka na mabonge.

Daktari wa mifugo alikuja mchana, akaingiza dawa ndani ya chuchu ile. "Siku tatu usinywe, usiuze, usimpe mtu," akaniambia. "Mwaga yote."

"Ndiyo, daktari," nikaitikia, na kichwani nilikuwa nimekwisha kupanga langu. Chuchu moja ni mgonjwa, tatu ni nzima. Kwa nini nimwage ya nzima?

Kesho yake asubuhi niliyamwaga maziwa ya ile moja shimoni, mbele ya macho ya Mzee Ouma, jirani yetu aliyefuga ng'ombe tangu ujana wake. Akanisifu kwa kutii. Sikumwambia kwamba zile tatu nilikuwa nimezikamulia sufuria nyingine. Kuuza sikuthubutu, nilimwogopa Mungu. Lakini Adhiambo alikuwa akikataa uji usio na maziwa, na hayo niliyokuwa nayo yalikuwa meupe, bila bonge hata moja.

Alikunywa nusu kikombe, akajikuna mdomo. "Dada, inawasha."

"Acha visingizio. Maliza uji."

Mwanangu, maneno hayo yangekuwa kitu cha kushikika, ningeyarudisha kinywani nikayatafuna. Mara shingo ilijaa vipele, midomo ikavimba, na pumzi yake ikaanza kutoa sauti kama mtu anayepuliza shingo ya chupa. Nikauona tena uso ule wa miaka miwili nyuma. Sikujua dawa imemfikia kwa njia gani, ila nilijua ni yenyewe.

Nilimbeba nikakimbia nikipiga kelele. Mzee Ouma akasimamisha boda barabarani, akatupandisha, yeye akafuata na nyingine. Njia nzima nilikuwa nimebana sikio kwenye kifua cha mtoto. Tulipofika darajani sikusikia kitu. Sijui kama ni kelele za injini au ni yeye. Mpaka leo nikipita daraja lile nakatisha mazungumzo.

Zahanati walimdunga, wakamvisha kifaa cha hewa usoni. Nilisimama nimeshika kidole cha mguu wake, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee waliyoniachia. Pumzi ikarudi kidogo kidogo. Ndipo muuguzi akauliza, "Amekula nini?"

"Uji tu. Na maziwa."

Mzee Ouma akanigeukia. "Si ulimwaga?"

"Nilimwaga ya ile mgonjwa, Mzee. Hizi tatu zilikuwa nzima."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mwanangu, Silwal ana damu ngapi?"

"Moja."

"Basi hiyo moja ndiyo inayopita chuchu zote nne. Kadi unawaonyesha wauguzi hata wasiokuuliza, daktari wa ng'ombe hukumwonyesha. Ulidhani ng'ombe hatibiwi kwa penisilini?"

Nilikishika kidole kile cha mguu kwa nguvu zaidi.

Adhiambo alirudi nyumbani kesho yake akidai uji. Hofu ndiyo iliyokataa kuondoka. Siku za kumwaga zilipokwisha nilikaa kumkamua Silwal, nikamgusa chuchu nikaurudisha mkono, naye akabana maziwa. Kiwele kimejaa, tone halitoki. "Wewe unamwogopa, yeye anakuogopa," Mzee Ouma akasema. "Sasa nani atatoa maziwa?" Akaniambia nivue viatu nisimame kwenye tope la banda. "Ungemlaza Adhiambo hapa?" Siku hiyo hiyo tulichota mchanga, tukainua sakafu, tukatandika majani makavu. Akanifundisha kunawa kwanza, kumsemesha Silwal taratibu, kisha kukamua. Ilichukua siku nyingi kabla ng'ombe hajanisamehe.

Kwa hiyo wewe unayeanza kufuga, nisikilize. Ng'ombe hatoi asichopewa: maji mengi kuliko unavyofikiri, hasa jua letu likiwaka, na majani ya kutosha yasiyo na ukungu. Alale pakavu. Osha kiwele kwa maji vuguvugu, kikaushe kwa kitambaa safi, na matone ya kwanza yakamulie kwenye sahani nyeusi uyatazame kama yana mabonge. Kamua mpaka kiishe. Usimpige. Omena na maziwa visikutane mikononi mwako. Na akitibiwa, muulize daktari siku ngapi, kisha mwaga yote, ya chuchu zote, hata mtoto akilia. Atalia siku chache tu. Usiyaamini macho, maana yale yaliyokaribia kumuua mdogo wangu yalikuwa maziwa mazuri kuliko yote niliyowahi kukamua.

Adhiambo akija kwangu nikimwekea chai, huinusa na kunitania: "Dada, ng'ombe hajadungwa?" Watoto wake hucheka. Mimi huinuka nikaitazame tena karatasi anayoniandikia daktari siku za kumwaga, niliyoibandika mlangoni mwa banda, ndipo nimjibu.

Mungu akupe mikono safi na moyo usio na haraka. Akupe banda kavu na ng'ombe asiyekuogopa. Na kila mtoto utakayempa kikombe, akimalize, akurudishie kitupu, aombe kingine.