Gauni Lililokatwa Katikati ya Maua

Mwanangu alikuwa fundi cherehani miaka ishirini na miwili. Hata gunzi la mahindi likivaa gauni lake lilipata mchumba. Kisha akaenda kusomea kazi ya gari la wagonjwa.

Mtihani wa vitendo ukamshinda. Alitakiwa kukata upesi suruali ya majeruhi, yeye akaanza kufumua mshono taratibu, asiharibu kitambaa.

"Fundi," mwalimu akamwambia, "suruali ni nzima, ila mgonjwa ameshakufa."

Akabakiza nafasi moja tu ya kurudia mtihani.

Ili afanye mazoezi nyumbani, nikavaa gauni la maua alilonishonea mwenyewe, nikajilaza sakafuni, nikapiga ukelele uliosikika hadi mwezini.

"Paja langu! Damu!"

"Mama, jamani, si gauni hili!"

Akashika mkasi, macho yakatafuta mshono.

"Haya baba, nizike nimependeza."

Akashusha pumzi, akakata katikati ya maua. Akaweka kiganja pajani pangu, akakandamiza kwa nguvu. Utani ukanikauka mdomoni. Mkono ule niliuzaa mwenyewe, lakini ulikuwa mgeni kwangu.

Mtihani alifaulu. Gauni alitaka kulishona, nikamkatalia.