Vifungo vya Baba wa Bibi Harusi

Fundi cherehani alikuwa ameshavaa tangu saa mbili, lakini mumewe, karani mstaafu, alikuwa bado kasimama chumbani, mikono ya shati ikimning'inia kama masikio ya mbuzi. Binti yao alikuwa anaolewa saa nne, na baba ndiye wa kumwingiza kanisani.

Kitandani zilikuwepo jozi tatu za vifungo vya kuchomeka mikononi mwa shati.

"Za dhahabu zitamzidi bwana harusi kung'aa," alisema mzee. "Hizi za fedha nilizivaa kwenye mazishi ya bosi."

"Basi vaa nyeusi!"

"Nyeusi harusini, mama watoto? Watu watasemaje?"

"Watasema bibi harusi hana baba!"

Simu ikalia. Alikuwa binti, ameshafika kanisani, sauti imejaa kilio: "Mama, baba yuko wapi?"

Mama alikata simu. Miaka arobaini ameishi na mtu wa kuchagua hata soksi nusu saa! Akatunga uzi mweupe kwenye sindano, akamshonea mikono ya shati palepale mwilini, kushoto kisha kulia, akakata uzi kwa meno.

"Sasa nitavuaje?"

"Tukirudi nitashika mkasi. Tangulia!"